Modeli ya fupanyonga yenye ateri: nimekaa nayo miezi minane, haya ndo maoni yangu

Wadau, watu wameniuliza mara nyingi kama ile modeli ya fupanyonga yenye mishipa ya damu inafaa kununuliwa au ni pambo la mezani tu, sasa naandika hapa mara moja ili nisirudie rudie. Nimekaa nayo miezi minane, nimeifungua na kuifunga karibu kila siku, nimeenda nayo zamu, wenzangu tunaosoma nao upasuaji wa mifupa wameishikashika mpaka rangi imeanza kutoka kwenye kona. Jibu fupi ni kwamba inafaa. Ila ina makosa mawili ambayo kwa mtu anayejifunza ni hatari kabisa na inabidi uyajue kabla hujaiamini. Jibu refu ndo hili.

Naanza na sababu ya kuinunua maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini naikosoa kwa ukali. Nilikuwa msaidizi wa pili kwenye oparesheni ya kuunga fupanyonga lililovunjika, tunapita kwa mbele, bosi anainua tishu taratibu kutoka kwenye mfupa wa kinena, mimi nimeshika ritrakta (chuma cha kuvuta tishu pembeni), mara damu ikajaa kwenye kidonda. Sio kuvuja, kujaa. Bosi hakupaniki, akaweka kidole akabana mshipa kwenye mfupa, akaomba sakshoni na klampu, baada ya muda mfupi akawa ameushika pande zote mbili na kuufunga kwa uzi. Alafu akaniuliza bila hata kuinua kichwa, huu unaitwaje? Nikakaa kimya. Kwenye picha zote nilizosomea pale juu ya mfupa hapakuwa na kitu, ni mfupa mweupe msafi. Mgonjwa alitoka salama, lakini mimi usiku ule sikulala, nilikuwa najiuliza ingekuwaje kama ni mimi nimeshika kisu na bosi hayupo.

Ule mshipa unaitwa korona mortisi, ni Kilatini, maana yake taji la kifo. Nitarudi kwake maana ndo kiini cha review yote hii.

Ndani ya boksi unakuta nusu ya fupanyonga ya kulia, saizi ya mtu mzima, ikiwa na sakramu (mfupa wa chini wa uti wa mgongo) na fupapaja lililokatwa chini kidogo ya trokanta ndogo, kile kinundu cha upande wa ndani. Mifupa ni ya plastiki ngumu yenye uzito wa kueleweka, sio zile nyepesi zinazoanguka ukigusa meza. Misuli mifupi ya nyuma ya nyonga ni ya mpira unaovutika na inachomoka kwa sumaku, msuli wa soasi upo, na ateri zote (mishipa inayotoa damu moyoni) ni silikoni nyekundu zinazopachikwa kwenye vitundu. Pembeni kuna kifuko wanachokiita seti ya tofauti za maumbile, kina vipande vitano vya ateri vya kubadilishia. Hicho kifuko ndo kilichonifanya nichukue hii na sio nyingine, kwa sababu modeli karibu zote nilizowahi kuona zinaonyesha mtu mmoja tu, kana kwamba binadamu wote tumetoka kiwanda kimoja.

Nianze na sifa. Kitu ambacho picha haiwezi kukupa na hii inakupa ni kujua mshipa uko karibu na nini. Mfano ateri ya glutea ya juu. Kwenye kitabu ni mstari mwekundu unaopita kwenye mkato mkubwa wa siatiki kwenda tako, basi. Hapa unaingiza kidole mwenyewe kwenye ule mkato, juu ya msuli wa piriformisi, na unahisi kwamba ile ateri inapinda ikiwa imelalia mfupa kabisa, haina pa kukimbilia, kwa hiyo mfupa ukivunjika pale na kipande kikasogea unaelewa kwa nini inachanika. Na ukiikata wakati unapasua kwa nyuma, ule mkia wake unajivuta unarudi ndani ya fupanyonga ambako huuoni, na neva ya glutea ya juu iko hapo hapo, so ukianza kubanabana kwa klampu bila kuona unaweza kuua misuli inayomshikilia mtu nyonga isidondoke upande akitembea. Nilikuwa nimelisoma hili mara kumi. Nililielewa siku nilipoingiza kidole.

Shina la iliaki ya ndani, ateri kubwa inayolisha fupanyonga, nalo wamelitendea haki kuliko nilivyotegemea. Sote tumefundishwa kwamba ateri kuu ya iliaki inagawanyika mbele ya kiungo cha sakramu na iliamu, ile ya ndani inashuka kama sentimita 4 hivi alafu inatoa tawi la mbele na tawi la nyuma, kila kitu kimekaa kwenye foleni yake. Kiukweli ni watu wengi tu ambao hawako hivyo. Mjapani Adachi alishaziweka kwenye makundi toka 1928, akiangalia zile ateri tatu kubwa zinavyoachana, yaani glutea ya juu, glutea ya chini na pudenda ya ndani (ya sehemu za siri). Mpangilio unaoonekana zaidi ni glutea ya juu kujitoa peke yake na hizo mbili nyingine kutoka pamoja kwenye shina moja. Wapo ambao glutea zote mbili zinatoka shina moja na pudenda inajitegemea. Wapo ambao zote tatu zimeachana mapema. Kifukoni kuna kipande cha hiyo aina ya pili, unachomoa shina la kwanza unapachika hilo, na ghafla unaona kwamba daktari wa radiolojia akiziba lile shina moja ili kusimamisha damu kwa mgonjwa wa ajali, amezinyima damu glutea zote mbili kwa mkupuo, na misuli ya tako inaweza kufa. Hiki kipande kimoja kilitufanya tubishane na wenzangu saa nzima na kila mtu akaondoka anajua kitu.

Sasa ateri ya obturata. Kama kuna mshipa haueleweki kwenye fupanyonga ni huu. Inatakiwa itoke kwenye tawi la mbele la iliaki ya ndani, ipite ukutani kwenye fupanyonga, iingie kwenye mfereji wa obturata itokee pajani. Lakini kuna watu inatoka tawi la nyuma, kuna watu inatoka kwenye glutea, na kuna watu wengi tu ambao inatoka upande mwingine kabisa, kwenye ateri ya epigastri ya chini (ya ukuta wa tumbo) ambayo ni mtoto wa iliaki ya nje, ile inayoshuka mguuni, alafu inashuka ikipita juu ya mfupa wa kinena mpaka mferejini. Kipande cha hii kipo kifukoni na kimetengenezwa vizuri sana, kinakaa bila kuyumba. Faida yake sio kwa mpasuaji tu. Fikiria mgonjwa aliyevunjika mfupa wa kinena anavuja damu, anapelekwa kuzibwa mshipa kwa katheta, wanapiga picha ya iliaki ya ndani wanaona safi kabisa, na mgonjwa bado presha inashuka. Damu inatoka kwenye obturata iliyozaliwa na iliaki ya nje, na hakuna aliyeangalia huko. Ukiwa na modeli mkononi hili linakaa kichwani lenyewe hata hujikazi kukariri.

Na korona mortisi yenyewe. Hili ni daraja la mshipa linalounganisha mfumo wa obturata na mfumo wa iliaki ya nje au epigastri ya chini, linapita nyuma ya tawi la juu la mfupa wa kinena, limelala pale pale unapotaka kuweka plati, kile chuma cha kuunga mfupa. Mtafiti Tornetta na wenzake waliwahi kupasua nusu 50 za fupanyonga za maiti wakatoa matokeo 1996, wakalikuta kwenye asilimia 84. Someni tena hiyo namba. Uchambuzi mwingine uliokusanya tafiti nyingi unaleta namba ya chini zaidi, karibu nusu ya fupanyonga, lakini hata nusu ni nusu, sio kitu cha kuita nadra. Kwenye kazi ya Tornetta umbali kutoka simfisisi (kiungo cha mbele panapokutana mifupa miwili ya kinena) ulikuwa wastani wa sentimita 6.2, ya karibu kabisa 3, ya mbali 9. Na hapa ndo kosa la kwanza la modeli linaanza, tega sikio.

Kwenye hizo nusu 50 daraja la ateri lilikuwa asilimia 34 na daraja la vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) lilikuwa asilimia 70, zingine zikiwa na yote mawili. Yaani la vena ndo linakutwa zaidi, na tafiti nyingine zinakubaliana na hilo. Modeli hii haina vena hata moja. Hata moja! Kifukoni umepewa daraja moja, jekundu, nene, zuri kulitazama, na tundu lake limetobolewa mahali pamoja tu, nimepima kwa rula ni sentimita 5 na nusu kutoka simfisisi. Kwa hiyo mwanafunzi anatoka hapo anaamini mambo matatu, kwamba ni ateri, kwamba ni nene, kwamba anajua itakuwa wapi. Yote matatu yanaweza kumdanganya. Vena ina ukuta laini, ukiivuta na ritrakta inachanika bila hata kudunda kwa mapigo kukupa onyo, na inaweza ikawa kwenye sentimita 3 wakati wewe umejiandaa kwa 6.

Nilichofanya mimi, na nawashauri mfanye hivyo hivyo, nilichukua waya mwembamba wa umeme wa rangi ya bluu nikatoboa matundu mengine matatu kwa drili ndogo, moja kwenye sentimita 3, moja 6, moja 9, na kila nikikaa na mtu mdogo kwangu kimasomo namgeuza mgongo, naweka waya popote, alafu namwambia ingiza kidole kwa upande wa ndani wa mfupa, anza kwenye simfisisi, tembea pole pole kwenda nje mpaka ukutane nao. Hiyo ndo kazi halisi. Kwenye njia ya mbele ya ndani, ile inayotokana na njia ya daktari Stoppa ambayo mnaona mfupa kwa upande wa ndani, bosi mzuri haanzi kwa kung'oa tishu, anatembea juu ya mfupa akitafuta ule mshipa kwa macho, akiukuta anaufunga pande mbili kabla ya kukata, na pande mbili sio mbwembwe, ni kwa sababu damu inakuja kutoka kote kote. Ukifunga upande mmoja na mwingine ukakuponyoka, kipande kimoja kinakimbilia mfereji wa obturata na kingine kinapanda kwa iliaki ya nje, na huko kukitafuta ni shughuli nyingine. Niseme pia ili nisitishe watu bure, mabingwa wanaopita njia hii kila wiki wanakutana nao na kuufunga bila drama na oparesheni inaendelea. Jina linatisha kuliko hali yenyewe kwa mtu anayejua upo. Kwa asiyejua, jina linamfaa.

Kosa la pili ni baya zaidi kwangu, maana la kwanza ni kitu kukosekana, hili ni kitu kukaa pasipo pake.

Ateri ya sakamfleksi ya ndani ya paja, ile inayozunguka sehemu ya juu ya fupapaja kwa upande wa ndani. Kwa wengi inatoka kwenye ateri ya ndani kabisa ya paja, ile profunda, lakini kwa watu sio wachache inatoka moja kwa moja kwenye ateri kuu ya paja, na kipande cha hiyo tofauti wamekiweka kifukoni, asante. Tawi lake linaloingia kina, nitaliita tawi la ndani, ndo linalolisha kichwa cha fupapaja kwa mtu mzima. Ile ateri nyingine ndogo inayopita kwenye ligamenti ya kichwa cha paja, kwa mtu mzima mchango wake ni mdogo, huwezi kuitegemea. Kwa hiyo ukiharibu hilo tawi la ndani, kichwa cha paja kinakufa taratibu, na mgonjwa anaweza kurudi baada ya miezi akiwa na maumivu na kichwa kimebonyea. Madaktari Gautier, Ganz na wenzao walipasua nyonga 24 za maiti wakaandika 2000 njia yake hatua kwa hatua, na njia hiyo ni hivi, inapita NYUMA ya kano ya msuli wa obturata eksterna, alafu MBELE ya misuli midogo ya gemelasi ya chini, obturata interna na gemelasi ya juu, inatoboa kapsuli (mfuko wa kiungo) karibu na pale gemelasi ya juu inaposhika mfupa, chini ya piriformisi, na kuanzia hapo inakuwa vijimishipa viwili mpaka vinne vinavyopanda kwenye shingo ya fupapaja kwa nyuma na juu.

Kwenye modeli yangu tawi hilo linapita mbele ya obturata eksterna. Mbele! Nilidhani nimeipachika vibaya, nikachomoa, nikaangalia karatasi ya maelekezo, nikalinganisha na michoro, hapana, tundu lenyewe limetobolewa upande usio wake. Mtu anaweza kusema ni milimita chache, shida iko wapi. Shida iko hapa, obturata eksterna ndo ngao ya ule mshipa. Kwenye zile nyonga 24 waliachia tishu nyingine zote moja baada ya nyingine wakachomoa kichwa cha paja kwenye kikombe cha nyonga kinamokaa kila upande, na kama obturata eksterna haijakatwa, ateri haikuchanika wala kuvutika. Juu ya maarifa hayo Ganz na timu yake wakajenga njia yao ya kuchomoa nyonga kwa upasuaji bila kuua kichwa, wakaripoti 2001 nyonga 213 na hakuna hata moja iliyokufa kichwa. Sasa mwanafunzi aliyejifunza kwenye hii modeli anaona mshipa uko upande wa pili wa kano, anahitimisha kwamba obturata eksterna inaweza kukatwa kwa usalama maana mshipa uko mbali mbele yake. Anafanya kinyume kabisa cha kinachotakiwa. Nakasirika kila nikifikiria, sio utani, maana anayeumia sio aliyetengeneza plastiki.

Nimerekebisha ya kwangu kwa gundi na drili. Ila ukishairekebisha, aisee, hapo ndo inakuwa mwalimu. Unaelewa kwa nini ukipasua kwa nyuma kuunga kikombe kilichovunjika unakata piriformisi na obturata interna kama sentimita 1.5 mbali na trokanta kubwa na sio kwenye mzizi wake, na kwa nini msuli wa kwadrata ya paja unauacha ulivyo. Unaelewa kwa nini kwa watoto hawaingizi chuma cha fupapaja kupitia kwenye kile kishimo cha piriformisi. Kwa mgonjwa anayebadilishiwa nyonga nzima kichwa kinatolewa kwa hiyo uhai wake sio hoja tena, hapo unaogopa damu tu, lakini kwa kijana ambaye unataka abaki na kichwa chake mwenyewe kila milimita ni hoja.

Kitu kingine nacho hakipo, kuna mshipa wa kuunganisha kati ya hili tawi na ateri ya glutea ya chini kinachopita kando ya piriformisi, na kwa baadhi ya watu hicho ndo kinachobeba mzigo mkubwa wa kulisha kichwa. Kwa nini hakipo kifukoni sijui, ndo tofauti ningeipenda kuliko zote.

Kikombe chenyewe kina matundu ya kufanyia mazoezi ya skrubu na hili wamelifanya kwa akili. Wamechora ile mistari miwili ya Wasielewski ya 1990, unachora mstari kutoka ile ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga unayoigusa ukijishika kiuno, unapita katikati ya kikombe, alafu mstari wa pili unaukata wa kwanza, unapata robo nne. Robo mbili za nyuma zina mfupa mnene na ndo za kuweka skrubu. Robo ya mbele juu, skrubu ikitokea upande wa pili inakutana na mishipa ya iliaki ya nje. Ya mbele chini, inakutana na obturata, mishipa na neva yake. Unaingiza skrubu ndefu kwa makusudi kwenye robo ya mbele juu alafu unageuza fupanyonga uone ncha imetokea wapi, na moyo unashtuka hata kama ni plastiki. Lakini rudi kwenye kosa la kwanza, pale vena ya iliaki ya nje iko karibu zaidi na mfupa kuliko ateri, ndo ya kwanza kutobolewa, na vena haipo. Ncha inatokea kwenye hewa tupu, mtu anasema haijagusa kitu, amepona. Hajapona. Bandika mrija wa bluu hapo, hata ule wa dripu uliopakwa wino unatosha. Na jueni kwamba zile robo zinatumika kikombe kikiwa mahali pake pa asili, ukiweka kikombe juu zaidi kwa mgonjwa mwenye nyonga iliyozaliwa na kasoro, sehemu salama inapungua, na modeli haina namna ya kuonyesha hilo.

Mengine haraka haraka. Sakamfleksi ya nje, lile tawi linalopanda ambalo unakutana nalo ukipita kwa mbele kati ya misuli ya tensa na rektasi, liko sahihi na unaweza kujizoesha kulitafuta na kulifunga. Kipande cha tano kifukoni ni ateri ya siatiki iliyobaki toka tumboni mwa mama, ile ambayo kwa kawaida inapotea mtoto akikua tumboni lakini kwa wachache sana inabaki na kushuka tako pamoja na neva ya siatiki. Ilielezwa toka 1832 na makadirio yanaizungumzia kama asilimia 0.025 mpaka 0.04, kwa hiyo wengi wetu hatutaiona, ila mgonjwa akija na uvimbe unaodunda takoni na mapigo ya kinena ni hafifu wakati ya nyuma ya goti yapo, ukumbuke. Kipande ni kizuri ila kinalegea, kinadondoka kila ukiinua modeli.

Uimara. Sumaku mbili ziling'oka mwezi wa tatu, nikazirudisha kwa gundi. Silikoni inashika vumbi vibaya, osha kwa maji na sabuni tu, usitumie spiriti, mimi niliitumia ikaanza kunata. Niliwaandikia watengenezaji kuhusu ile ateri iliyokaa pasipo pake nikiambatanisha picha, wakajibu baada ya wiki tano kwamba wamepokea maoni. Siwataji maana nataka warekebishe, sio kuwaaibisha.

Kuna wanaouliza si bora programu ya simu. Programu ni nzuri kwa kufuata mshipa unatoka wapi unaenda wapi, nayo ninayo, lakini haikupi kidole kwenye mkato wa siatiki. Maiti inazidi vyote bila mjadala, ukipata nafasi ya kupasua acha kila kitu uende, na ukiwa pale angalia pande ZOTE mbili za maiti hiyo hiyo, maana kulia na kushoto kwa mtu mmoja mara nyingi havifanani, na ndo maana modeli ya upande mmoja tu inanipa shida kidogo. Na kwa mgonjwa aliye mbele yako hakuna kinachoshinda CT skani yake mwenyewe yenye dawa ya mishipa pale inapohitajika. Siku hizi nikijua kesho tuna fupanyonga, jioni nakaa na picha za mgonjwa upande huu na modeli upande huu, nafuata obturata yake picha kwa picha nione imezaliwa na nani, alafu nabadilisha vipande mpaka modeli ifanane naye. Inachukua kama nusu saa. Wiki mbili zilizopita nilifanya hivyo nikaona obturata ya mgonjwa inatoka kwenye epigastri, nikamwambia bosi asubuhi kabla hatujanawa. Akaangalia skrini, akaniambia basi leo utaufunga wewe. Niliufunga, pande mbili, damu haikufika hata kulowesha gozi moja.

Nyota, natoa tatu kwa tano. Kwa rezidenti (daktari anayesomea ubingwa) wa mifupa ambaye yuko tayari kushika drili na waya wa bluu, chukua. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asiye na mtu wa kumwonyesha makosa, bado usichukue, utajifunza sakamfleksi kinyume na kuisahaulisha ni kazi. Kama kuna mtu ameshapata toleo jipya naomba aangalie kitu kimoja tu anijibu, lile tundu la tawi la ndani wamelihamishia nyuma ya obturata eksterna au bado? Wakishalihamisha naongeza nyota ya nne siku hiyo hiyo, na wakiweka vena naongeza ya tano.